Barua za Mary Calkins na shahada aliyoikataa

Mwaka 1902 Mary Whiton Calkins, mwanasaikolojia wa Marekani, angeweza kuwa daktari wa falsafa kwa kusema ndiyo tu. Tasnifu yake ilikwisha kuchapishwa miaka sita nyuma. Mtihani alikwisha kuufanya miaka saba nyuma, mbele ya walimu ambao majina yao bado yanafundishwa darasani hadi leo, na wote waliridhika. Akakataa. Sababu zake aliziandika katika barua fupi, na barua hiyo haieleweki sawasawa mpaka mtu asome zile zilizoitangulia kwa miaka kumi na miwili: za walimu wake, ya baba yake, na maamuzi makavu ya bodi ya chuo. Nazifuata hapa kwa mpangilio, kwa kuwa wengi wanaosimulia habari zake huruka kutoka "Harvard ilimnyima shahada" hadi "akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wanasaikolojia wa Marekani". Mambo yote mazito yako katikati ya sentensi hizo mbili.

Calkins alizaliwa Hartford, jimbo la Connecticut, tarehe 30 Machi 1863, mtoto wa kwanza kati ya watano wa mchungaji Wolcott Calkins. Alisoma Chuo cha Smith akamaliza 1885, na miaka miwili baadaye akaanza kufundisha Kigiriki katika Wellesley, chuo cha wanawake kilicho karibu na Boston. Wellesley walitaka mtu wa kufundisha saikolojia mpya, ile ya maabara na vipimo. Wakamwona yeye anafaa, kwa sharti moja: aende kwanza akaisome kwa mwaka mzima.

Sasa, aisome wapi? Familia yake iliishi Newton, na Harvard ilikuwa jirani kabisa. Pale alikuwapo William James, aliyekuwa akimalizia kitabu kikubwa cha saikolojia alichokifanyia kazi miaka kumi na miwili, na Josiah Royce, mwanafalsafa. Mwaka 1890, akiwa na miaka ishirini na saba na tayari ni mwalimu wa chuo, aliwaandikia wote wawili kuomba kuhudhuria madarasa yao. Wote wawili walikubali. Rais wa chuo, Charles William Eliot, ndiye aliyesema hapana.

Mei hadi Oktoba 1890

Barua za mwezi huo wa Mei ndizo zinazonivutia kuliko nyingine zote, maana humo unamwona kila mtu amesimama wapi. James anamweleza kwamba amemwendea tena rais kwa suala lile lile. Rais amemjibu kwamba bodi ya waangalizi ni wakali mno juu ya jambo hili, kwamba miaka michache nyuma walimkaripia vikali kwa kulifumbia macho jambo la aina hiyo hiyo, na sasa hathubutu. Tena wakati huo huo kulikuwa na mvutano mwingine kuhusu wanawake katika shule ya udaktari, na huko Eliot mwenyewe alikuwa upande wa kuwakubali. James anaongeza kwamba anamwambia haya ili amtendee rais haki.

Kisha, katika barua nyingine ya siku zile zile, uungwana unamshinda. Anamwandikia Calkins kwamba kumweka nje ni uovu mtupu, jambo la kutosha kumgeuza yeye na wanawake wote kuwa walipua baruti. Anatumaini ombi lake litakivunja kizuizi, na yeye atafanya analoweza.

Royce naye ana namna yake. Anamwandikia kwamba msimamo huo wa wakuu anauhesabu kuwa moja ya mafumbo ambayo hakuna awezaye kuyapenya isipokuwa awe mwenyewe ni afisa wa utawala. Mwalimu wa falsafa anamwambia mwombaji, kwa maandishi, kwamba hakuna sababu ya maana anayoweza kumpa.

Hapa pana jambo la kulikazia macho. Kulikuwa na njia nyingine, nayo walimwonyesha. Tangu 1879 kulikuwa na mpango uliojulikana kama Annex, ambapo walimu wa Harvard waliwarudia wanawake masomo yale yale kando, nje ya chuo rasmi. Calkins hakuja kutafuta masomo ya shahada ya kwanza. Alitaka semina ya juu, mahali ambapo watafiti wanakaa pamoja na kubishana, na kitu kama hicho hakigawanyiki kwenye vyumba viwili.

Basi baba akashika kalamu. Mchungaji Calkins alipeleka ombi kwa Harvard Corporation, bodi ndogo yenye kauli ya mwisho chuoni, likiambatana na barua ya rais wa Wellesley. Hoja yake ilikuwa ya uangalifu: mwombaji ni mwalimu wa chuo kingine, anachotaka ni msaada wa kitaaluma kwa mtu ambaye tayari amehitimu, na hili halina uhusiano na kuchanganya wavulana na wasichana madarasani. Mwanamke anayefundisha chuoni, anayejilipia maisha yake, anaombewa na baba yake kama binti anayepelekwa bweni. Sidhani kama mzee alikosea. Alilijua jengo analobisha hodi. Lakini hebu fikiria Calkins mwenyewe, ambaye barua zake za heshima kwa James na Royce zilijibiwa vizuri, akilazimika kumwachia baba yake sehemu iliyobaki.

Tarehe 1 Oktoba 1890 Corporation ilikubali. Katika muhtasari wa kikao waliandika kwamba anaruhusiwa kuhudhuria mafundisho ya walimu hao, na wakahakikisha inaandikwa pia kwamba kwa ruhusa hiyo hawi mwanafunzi wa chuo mwenye haki ya kusajiliwa.

Kesi yote, kwa maoni yangu, ilihukumiwa siku hiyo. Yaliyofuata 1894, 1895, 1902, hata 1927, yanarudi kwenye mstari huo mmoja wa muhtasari. Walimpa kiti wakamnyima jina, na kila mara kazi yake ilipozidi kuwa nzuri, jibu lilikuwa tayari limekwisha kuandikwa.

Chai saa kumi na mbili unusu

Barua ya James ya kumkaribisha kwenye semina ni ya kawaida kabisa, na ndiyo maana naipenda. Anamwambia wanafunzi wake ni wanne na kila mmoja anavutia upande wake, hajui kozi itafikia wapi. Kwa kuwa amekwisha kuchapa juzuu zake mbili nene, hatatoa mihadhara. Huenda mambo yakawa ushauri, pengine na majaribio kidogo. Watakutana Alhamisi jioni saa moja na robo. Je, anaweza kufika mapema Alhamisi ijayo wazungumze kidogo? Au, bora zaidi, afike saa kumi na mbili unusu anywe chai.

Kwenye majalada ya bodi mtu huyu hakuwa mwanafunzi. Kwenye barua ya James alikuwa mgeni wa chai na mwenzake wa kazi. Calkins aliandika baadaye kwamba wanafunzi wengine waliacha semina majuma ya mwanzo, wakabaki yeye na James peke yao, kila mmoja upande wake wa moto wa maktaba, na kitabu kipya cha James kikiwa bado kina joto la mtambo wa uchapaji. Aliyekatazwa kusajiliwa akaishia kupata kozi ya mtu mmoja kutoka kwa mwanasaikolojia mkubwa kuliko wote nchini.

Mwaka huo huo alijifunza kazi za maabara kwa Edmund Sanford wa Chuo Kikuu cha Clark, Worcester. Walifanya pamoja utafiti wa ndoto, wakijiamsha usiku kwa saa ya kengele na kuandika palepale walichoota, kazi ambayo Sigmund Freud aliitaja baadaye. Mwaka 1891 Calkins alifungua maabara ya saikolojia Wellesley, ya kwanza katika chuo cha wanawake.

Mwaka 1892 Hugo Münsterberg aliletwa kutoka Freiburg, Ujerumani, kuendesha maabara ya Harvard. Calkins akaomba kufanya kazi naye, akakubaliwa kwa masharti yale yale ya ugeni: kwanza kwa muda wa ziada huku akifundisha, kisha mwaka wa 1894 hadi 1895 akachukua likizo Wellesley akaingia maabara kikamilifu.

Alichofanya mle ni rahisi kukieleza na kigumu kukibuni. Mshiriki anaonyeshwa kipande cha rangi kwa sekunde chache, kisha tarakimu. Rangi nyingine, tarakimu nyingine, mpaka mfululizo uishe. Halafu rangi zinaletwa peke yake, kwa mpangilio tofauti, na mshiriki anatakiwa kutaja tarakimu iliyofuatana na kila moja. Ndani ya mfululizo Calkins aliweka mitego. Rangi moja inajirudia na tarakimu ile ile mara kadhaa. Nyingine inaambatana na tarakimu iliyofanywa ivutie macho. Nyingine inakuja mwisho kabisa, au mwanzo kabisa. Kwa njia hiyo aliweza kuuliza ni nini kinachofunga mambo mawili pamoja kichwani: kurudiwa, kung'aa, kuwa ya karibuni, au kuwa ya kwanza. Kurudiwa ndiko kulikotawala. Mbinu yenyewe, ya kujifunza kwa jozi, iliendelezwa na Georg Elias Müller kule Göttingen, ikawa chombo cha kila siku cha watafiti wa kumbukumbu kwa miongo mingi. Mwanafunzi anayejipima leo kwa vikadi, upande mmoja neno na upande wa pili jibu, anafanya kitu cha ukoo huo.

Tarehe 23 Oktoba 1894 Münsterberg aliiandikia bodi akiuliza kama kuna uwezekano wowote Bi Calkins akubaliwe kuwa mtahiniwa wa shahada ya uzamivu. Kuhusu uwezo wake aliandika waziwazi kwamba ndiye mwanafunzi mwenye nguvu kuliko wote waliowahi kufanya kazi katika maabara hiyo kwa miaka ile mitatu. Jibu lilitoka ndani ya juma moja. Bodi ilikuwa imelifikiria ombi hilo na kulikataa.

Walimu wakaamua kumtahini wenyewe bila ruhusa ya shahada. Tarehe 28 Mei 1895 alikaa mbele ya Palmer, James, Royce, Münsterberg, Harris na Santayana. Walipomaliza waliandikia bodi kwamba mtahiniwa ametimiza masharti yote ya kawaida ya shahada. James, katika barua kwa mwanamke aliyesoma na Calkins kule Smith, alisema ulikuwa mtihani mzuri kuliko yote ya uzamivu waliyowahi kuwa nayo Harvard, na kwamba Santayana, ambaye mtihani wake ndio uliohesabiwa bora kabla ya hapo, sasa ajihadhari. Bodi ikaipokea barua ya walimu na kuiweka kwenye kumbukumbu. Tasnifu ikachapishwa 1896.

Ukizisoma barua hizi zote kwa pamoja, unagundua kitu kinachosumbua. Hakuna adui ndani yake. James ana hasira kwa niaba yake, Royce anaona aibu, Münsterberg anamsifu bila kujibana, na Eliot, kwa maneno ya James, anaogopa wenzake tu. Kila anayemwandikia ana roho nzuri. Ukuta umo kwenye karatasi zisizoandikwa na mtu yeyote: "bodi imefikiria", "bodi imekataa", bila sababu na bila sahihi ya mtu anayeweza kuulizwa. Mtu ambaye amewahi kunyimwa cheti au cheo na ofisi iliyojaa watu wanaomhurumia ataitambua hali hii mara moja. Na ndiyo maana siwapi James na wenzake sifa zote wanazopewa. Walifanya mengi, lakini hasira yao kali ilibaki katika barua za faragha, na barua yao ya 1895 kwa bodi ilikuwa ya kutoa taarifa. Hakuna hata mmoja aliyeweka kazi yake rehani.

Barua ya 30 Mei 1902

Annex ilipata hati yake 1894, ikawa Chuo cha Radcliffe. Mwaka 1902 Radcliffe iliamua kutoa shahada ya uzamivu kwa wanawake wanne waliokwisha kutimiza kazi chini ya walimu wa Harvard: Calkins, Ethel Puffer, Lucy Allen Paton na Kate Oelzner Petersen. Münsterberg alimsihi aikubali. Watatu wengine waliikubali.

Calkins alimjibu mkuu wa Radcliffe, Agnes Irwin, na jinsi alivyoipanga hoja yake panastahili kufuatwa hatua kwa hatua. Kwanza anataja kila sababu ya kukubali, tena kwa ukweli. Anaheshimu kwa dhati usomi wa wale watatu na angefurahi kuhesabiwa pamoja nao. Anaona kuna uwezekano mkubwa kwamba watu watailinganisha shahada ya Radcliffe na ya Harvard. Angependa kuwa na shahada, kwa sababu mara moja moja kuikosa kunamletea usumbufu. Kisha anaongeza kwamba sasa, kwa kuwa shahada ya Radcliffe imetolewa, ana shaka kama ile ya Harvard itakuja kufunguliwa kwa wanawake hata siku moja.

Baada ya kukiri yote hayo ndipo anageuka: bado anaamini kwamba maadili bora ya elimu yangehudumiwa vizuri zaidi kama Radcliffe ingekataa kutoa shahada ya udaktari. Na akiwa na imani hiyo, hawezi kwa haki kuchukua njia iliyo rahisi zaidi ya kuipokea.

Sentensi ile ya shaka inaweza kusomwa pande mbili. Ukiipima kwa faida yake mwenyewe, ni sababu ya kukubali: mlango mkuu hautafunguka, chukua kilichopo. Ukiipima kwa wanaokuja, ni sababu ya kukataa: kilichopo ndicho kitakachoufunga mlango mkuu. Calkins anaiweka upande wa kukubali, kwa uaminifu, anaacha uzito wake wote uonekane, halafu anakwenda kinyume nayo. Mtu anayejitafutia sifa ya ushujaa asingeandika hivyo. Angeficha kwamba anaitaka shahada.

Je, alikuwa sahihi? Kuna hoja nzuri upande wa pili, na sitaki kuipita haraka. Puffer na wenzake walikuwa na haki ya kuchukua walichokifanyia kazi. Mwanamke aliyetafuta ajira 1902 alihitaji karatasi ya kuonyesha, na kusubiri haki kamili ni anasa ya mwenye kazi tayari. Calkins alikuwa tayari na nafasi ya kudumu Wellesley na jina linalojulikana. Tena kukataa kwa mtu mmoja hakukuizuia Radcliffe. Iliendelea kuwatunuku wanawake kwa miaka mingi, na kwa wengi wao shahada hiyo ilikuwa mwanzo wa maisha ya usomi.

Lakini kuhusu jambo lenyewe alilolitabiri, tarehe zinampa haki. Wanawake waliosomea Radcliffe walianza kupewa shahada za Harvard mwaka 1963. Kwa miaka sitini na moja baada ya barua ile, kila aliyedai mlango mkuu ufunguliwe angeweza kuonyeshwa ule wa pembeni, uliokuwa na walimu wale wale na masomo yale yale. Ndilo jibu alilopewa yeye mwenyewe 1890 alipoelekezwa Annex, na alilitambua mara moja liliporudi kwa jina jipya.

Hasara aliyoipata haikuwa kubwa machoni pa watu. Mwaka 1905 alikuwa rais wa American Psychological Association, na 1918 rais wa American Philosophical Association. Columbia na Smith zilimpa shahada za heshima. Mwaka 1905 alizungumzwa kwa nafasi New York, upande wa Columbia na Barnard, na barua yake kwa Münsterberg inaeleza kwa nini hakwenda. Sababu kuu haikuwa ya taaluma hata kidogo. Hakutaka kuondoka nyumbani Newton, ambako alipata furaha yake na ambako aliona anaongeza furaha ya wazazi wake wazee, na alisadiki kwamba kuwahamisha kungewaumiza. Barua hiyo huwashangaza wanaomtaka awe mpiganaji saa zote. Mimi naiona inatoka kwa mtu yule yule. Anapima faida yake, anaitaja bila kuipunguza, kisha anaamua kwa kuangalia nani mwingine ataguswa.

Mwaka 1927 kundi la wanasaikolojia na wanafalsafa wenye shahada za Harvard, akiwamo Edward Thorndike, walimwandikia rais wa chuo wa wakati huo, A. Lawrence Lowell, wakiomba Calkins apewe shahada yake. Alikuwa na miaka sitini na minne, na miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita tangu mtihani. Chuo kilijibu kwamba hakioni sababu ya kutosha. Alistaafu Wellesley 1929, na tarehe 26 Februari 1930 akafariki kwa saratani.

Katika maelezo ya maisha yake yaliyochapishwa mwaka huo wa 1930, aliandika kwamba masikitiko yake ya kawaida juu ya uamuzi wa Corporation hayakuwahi kuitia giza shukrani yake kwa jambo kubwa zaidi walilomjalia, yaani kufanya kazi katika semina na maabara ya walimu wakubwa wa Harvard. Wapo wanaoisoma sentensi hiyo kama unyenyekevu wa mwanamke wa zama zake, na wanaumia kwamba hakuwalaani. Siwaungi mkono. Aliandika "masikitiko", na akamtaja anayehusika: Corporation. Walimu aliwashukuru, kwa sababu walimfundisha. Bodi aliihusisha na uamuzi wake yenyewe, jambo ambalo bodi hiyo haikuwahi kulifanya katika karatasi zake zote kuhusu yeye, tangu ruhusa ya Oktoba 1890 mpaka jibu lake la mwisho kwa akina Thorndike.